Mbegu za Boga Zinaenda Wapi?

Nyumba hii ya vyumba sita ipo Kariakoo, imebanwa katikati ya maghorofa mawili. Jua huingia uani saa tano. Saa saba limeshaondoka. Ukichelewa kuanika kanga yako, utaivaa mbichi.

Uani kuna bomba moja, choo kimoja, na macho ya Bi Mgeni.

Bi Mgeni ni mpangaji wa chumba cha kwanza. Ana miaka zaidi ya sabini. Anakaa kwenye kigoda chake kuanzia alfajiri. Anajua nani kapika nini. Anajua nani kanuna. Anajua hata godoro jipya lililoingizwa kwa siri ndani ya shuka.

Chumba cha tatu anaishi Chiku na mumewe Haruna. Haruna ni kuli bandarini. Chiku ni mpika maandazi. Kwa miaka sita alikaanga maandazi yake barazani, mbele ya nyumba. Watu wa maduka walikunywa chai hapo hapo. Kisha mwenye nyumba akalikodisha baraza kwa muuza vifuniko vya simu. Chiku akabaki na karai lake, na hana pa kuliweka.

Ndipo akaenda Posta kumwona Ritha. Ritha anaendesha kantini kwenye jengo moja la ofisi.

"Maandazi ya kawaida nina watu watatu wananiletea," Ritha alisema. "Wewe una nini ambacho wao hawana?"

Chiku hakuwa na kitu. Lakini mdomo wake ulikuwa nacho.

"Nina maandazi ya boga."

"Ya boga? Umeshawahi kuyapika?"

"Dada Ritha! Mimi mtu wa Pwani. Boga nimezaliwa nalo."

Ni kweli boga alilijua. Kila Ramadhani mama yake alilipika kwa tui la nazi, sukari na iliki, likawa laini la kuliwa kwa kijiko. Lakini andazi la boga? Hilo Chiku alikuwa hajaliona hata ndotoni.

"Haya," Ritha akasema. "Jumatatu niletee nionje. Yakinifaa, meza ya asubuhi ni yako. Yasiponifaa, kuna mama wa Magomeni anaisubiri meza hiyo hiyo."

Jumapili Chiku alinunua boga. Akalimenya, akalikata vipande vidogo, akalichemsha kwenye maji mengi, kama la futari. Lilipoiva akaliponda. Akatia unga wa ngano, sukari na hamira. Unga ukanata mikononi kama gundi. Akaongeza unga. Ukanata. Akaongeza tena.

Matumbo ya boga na mbegu zake alivifunga kwenye gazeti. Akaweka kifurushi juu ya ukuta mdogo, karibu na ndoo ya taka.

Jumatatu asubuhi maandazi yalitoka kwenye karai yakiwa mekundu kwa nje. Yalipendeza. Kule Posta, Ritha alilivunja moja katikati. Ndani kulikuwa na uji.

"Chiku, hili ni andazi au sponji? Angalia linavyotoa mafuta."

"Leo moto ulinisumbua, dada Ritha."

"Basi zungumza na moto wako. Ijumaa ni mara ya mwisho."

*

Chiku alirudi nyumbani kichwa chini. Bi Mgeni alimwona kabla hajafika mlangoni.

"Yamekataliwa," Bi Mgeni alisema.

"Umejuaje, bibi?"

"Kapu limerudi zito. Njoo hapa. Kaa. Nikuulize, hamira yako unaiweka wapi?"

"Pale dirishani."

"Dirishani! Mbele ya watu wote!" Bi Mgeni akapunguza sauti. Sauti yake ikipungua, nyumba nzima husikia. "Leo saa kumi na moja alfajiri nimemwona yule mgeni wa chumba cha sita. Kachukua kifurushi chako cha gazeti. Kakifungua. Kachungulia. Kakitia kwenye kanga yake, kaingia nacho ndani."

"Kifurushi cha matumbo ya boga?"

"Hicho hicho."

"Anakipeleka wapi?"

"Mimi sisemi kitu," Bi Mgeni alisema, na akaendelea kusema kwa nusu saa.

Mpangaji wa chumba cha sita aliitwa Paskalina. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, kutoka Mbinga, huko Ruvuma. Alikuwa na wiki tatu tu katika nyumba hiyo. Alipika katika shule moja huko Magomeni. Aliondoka alfajiri na kurudi alasiri. Hakuwa na maneno mengi. Katika nyumba ya Kariakoo, mtu asiye na maneno mengi tayari ana kesi.

Jioni Paskalina alipita uani. "Habari za hapa, mama zangu?"

Chiku aliangalia jiko lake. Hakuitikia. Bi Mgeni aliitikia, lakini aliitikia akiangalia mkononi mwa Paskalina, aone kabeba nini.

Tangu jioni hiyo Chiku alijilinda. Alinunua hamira mpya, akalala nayo chini ya mto. Unga aliufungia ndani ya sanduku la nguo. Jumanne alikandia chumbani, mlango umefungwa kwa komeo. Boga alilichemsha vile vile, kwenye maji mengi, akaliponda na maji yake.

Alasiri alikaanga. Yakatoka mekundu kwa nje. Ndani, uji.

Haruna alirudi kutoka bandarini. Alikula matatu kwa sababu ya njaa. La nne alilipima mkononi.

"Hili ukimrushia mtu, polisi watakuja."

"Usinitanie, Haruna. Ni yule mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Paskalina. Anachukua mbegu zangu. Anazifanyia mambo."

Haruna alitafuna polepole. "Mlango ulifungwa?"

"Ulifungwa."

"Unga ulikuwa sandukuni?"

"Sandukuni."

"Na hamira umelala nayo wewe, mimi mumeo nimegeuziwa mgongo. Sasa Paskalina kapita wapi?"

"Hapo ndipo ninapozidi kumwogopa," Chiku alisema.

Haruna akaliweka chini andazi la nne. Usiku huo hata yeye aliliangalia komeo mara mbili.

*

Jumatano alfajiri Chiku aliweka kifurushi cha gazeti pale pale ukutani. Kisha akajificha chooni, mlango kaacha upenyo wa kidole. Bi Mgeni alikaa kwenye kigoda, kajifunika kanga mpaka puani, anajifanya kasinzia. Hajawahi kusinzia nje hata siku moja, lakini siku hiyo alikoroma.

Mlango wa chumba cha sita ukafunguka. Paskalina akatoka na mkoba wake wa kazini. Akaenda moja kwa moja kwenye kifurushi.

"Haya! Weka chini!" Chiku alitoka chooni kwa kishindo. "Mbegu zangu unazipeleka wapi?"

Paskalina alishtuka, karibu aanguke kwenye ndoo.

"Dada Chiku! Nilidhani umezitupa."

"Nimezitupa ndiyo. Sasa taka za mtu unazitakia nini?"

"Nakula."

Mkoromo wa Bi Mgeni ukakatika. "Unakula matumbo ya boga?"

"Mbegu, bibi. Matumbo naosha, mbegu nakausha. Kwetu hatutupi."

Chiku akakunja mikono. "Tangu Jumatatu unachukua, huombi?"

"Ningeombaje?" Paskalina alisema, na sasa sauti yake ilipanda kidogo. "Wiki tatu nawasalimia, huitikii. Huyu bibi ananiangalia mikono kama mwizi. Ningeanzia wapi kuomba mbegu? Kilicho kwenye ndoo ya taka sikigusi. Mimi nachukua kilichofungwa vizuri, kilichowekwa pembeni, kisafi. Saa hizi nachelewa kazini. Jioni njooni chumbani kwangu, nyote, muone."

Akaondoka.

"Kaenda kujipanga," alisema Bi Mgeni.

*

Jioni walikwenda. Chiku alitangulia. Bi Mgeni alimfuata akiwa ameshika fimbo yake. Kutoka chumba cha kwanza mpaka cha sita ni hatua kumi na mbili, na fimbo hiyo huwa haibebi hata akienda msalani.

Chumbani kwa Paskalina kulikuwa na kitanda, jiko dogo la gesi, na ungo mkubwa. Juu ya ungo mbegu za boga zilitandazwa, nyeupe, kavu.

"Kila siku saa tano jirani wa chumba cha tano ananitolea ungo juani," Paskalina alisema. "Saa saba anaurudisha. Jua la hapa dogo, kwa hiyo inachukua siku tatu."

"Ungo huo nauona kila siku, nikajua ni wa chumba cha tano," alisema Bi Mgeni.

Paskalina akakaanga konzi moja kwenye kikaango kikavu. Mbegu zikaanza kuruka na kunukia. Akatia chumvi kidogo. Akazimimina kwenye sahani, akawasogezea.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Kula wewe kwanza," alisema Bi Mgeni.

Paskalina akala. Wakamwangalia anavyotafuna. Wakamwangalia anavyomeza. Wakasubiri.

"Bado nipo," Paskalina alisema.

Chiku akachukua moja. Kisha mbili. Zilikuwa kama karanga, lakini laini zaidi.

"Zina mafuta mazuri, zinajenga mwili," Paskalina alieleza. "Ukizimenya na kuzitwanga, unapata unga wa kuungia mboga, kama unavyounga kwa karanga. Pale shuleni watoto wanapenda sana. Sasa niambie, ulinisingizia nini?"

Chiku alitazama sakafu. Kisha akasema yote. Alisema juu ya baraza, Posta, Ritha, uji ndani ya andazi na siku ya Ijumaa. Alisema na hamira chini ya mto.

Paskalina hakucheka. Alicheka Bi Mgeni, ambaye fitina yenyewe aliianzisha yeye.

"Boga ulilipikaje?" Paskalina akauliza.

"Nilichemsha, nikaponda."

"Lipo lililobaki? Nenda kalilete. Na kitambaa safi."

Chiku alileta bakuli la boga la jana. Paskalina akalimimina kwenye kitambaa, akakikunja, akakamua juu ya bakuli tupu. Maji ya njano yakatiririka. Akakamua tena. Yakatiririka tena. Bakuli likajaa. Ndani ya kitambaa likabaki donge dogo la boga.

Paskalina akamsogezea Chiku bakuli la maji.

"Mchawi wako huyu hapa. Mwangalie vizuri."

Chiku aliangalia yale maji. Bi Mgeni naye akainama kuyaangalia.

"Boga lenyewe lina maji," Paskalina alisema. "Wewe umelitia kwenye maji mengine, likanywa. Futari sawa, mnalitaka laini. Lakini kwenye unga wa ngano maji hayo yanakutesa. Unga unanata, unaongeza unga, andazi linakuwa zito. Nje linaiva, ndani bado. Hamira haina kosa."

"Hata mimi sina," alisema Bi Mgeni haraka.

*

Alhamisi alasiri Chiku na Paskalina walikwenda sokoni pamoja. Walisimama mbele ya maboga ya Shomari, muuzaji mwenye maneno mengi.

"Karibuni, mama zangu! Vipande hivi hapa, vitamu kama asali!"

"Vimekatwa lini?" Paskalina aliuliza.

"Sasa hivi!"

"Sasa hivi ya leo au sasa hivi ya juzi? Mbona nzi wameshaweka kikao?"

Shomari akacheka, akavifunika kwa gazeti. "Wewe mama unatoka wapi?"

Paskalina alimgeukia Chiku. "Chukua boga zima. Linyanyue. Liwe zito kuliko linavyoonekana. Kikonyo kiwe kikavu. Bonyeza ganda kwa ukucha. Ukucha ukizama, hilo bado changa, maji matupu. Likiwa gumu namna hii, limekomaa."

Nyumbani walianza kwa kuliosha boga zima kwa maji safi kabla ya kulikata.

"Kwa nini, na tunatupa ganda?" Chiku aliuliza.

"Kisu kikipita kwenye uchafu wa nje kinauingiza ndani."

Walilikata vipande vikubwa, na ganda lake. Paskalina akakata kipande kidogo kama ukucha, akakionja.

"Kabla ya yote, onja. Boga likiwa chungu, tupa lote. Usilifunike kwa sukari, usimpe hata kuku. Boga chungu linaweza kukuharisha na kukutapisha. Hili tamu."

Kwenye sufuria walitia maji kidogo tu chini. Wakapanga vijiti safi, na juu yake vipande, ganda likiangalia chini. Wakafunika. Boga likaiva kwa mvuke, bila kugusa maji. Likapoa, wakalikwangua kwa kijiko, wakalikamua kwenye kitambaa, wakaliponda. Sasa lilikuwa zito. Kijiko kilisimama peke yake.

"Vikombe vinne vya unga," Paskalina alisema, "kikombe kimoja cha boga. Sukari nusu kikombe. Vijiko viwili vidogo vya hamira. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Chumvi chembe, iliki. Tui la nazi la vuguvugu liweke pembeni. Tia kidogo kidogo mpaka unga ukusanyike. Boga hili na boga lile hayafanani, kwa hiyo sikiliza mkono wako. Ukiacha kunata, acha kutia."

Chiku alikanda uani, mbele ya watu wote. Komeo halikuhusika. Unga ulitoka laini, wa njano kama jua la saa tano.

Unga ukiwa unaumuka, Paskalina alichukua boga lililobaki. Akalikata vipande, akakaanga kitunguu na nyanya, akatia boga, chumvi, tangawizi na pilipili. Karibu na mwisho akanyunyiza unga wa mbegu. Jiko la pili lilikuwa na majani ya maboga, yaliyovuliwa nyuzi zake na kukatwakatwa. Nayo yakapata unga wa mbegu.

Haruna alirudi, akafunua sufuria.

"Boga na chumvi? Boga na pilipili? Nani kakosewa humu ndani?"

"Kula," Chiku alimwambia.

"Kula wewe kwanza."

Lakini harufu ilimshinda. Alikula na ugali, akaongeza, akafuta sahani kwa kidole. Kisha akauliza kama boga la namna hiyo hupikwa siku za Jumanne pia.

Chiku alimpa Paskalina sahani ya kwanza, kwa mikono miwili. Wapangaji wengine walikuwa wamekaa uani, wanasikia.

"Dada Paskalina, nilikusema vibaya humu ndani. Nilisema unaniroga. Walionisikia nikisema hayo, na wanisikie nikisema haya. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Paskalina alipokea sahani. "Nimekusamehe. Lakini salamu zangu za wiki tatu unazo. Nataka zote ziitikiwe."

"Nzuri, nzuri, nzuri!" Chiku alijibu, na uani wote ukacheka.

*

Ijumaa asubuhi, kwa mafuta ya moto wa wastani, maandazi yalivimba kama mito. Saa moja na nusu Chiku alikuwa Posta, kapu kifuani. Mwanamke asiyemjua alikuwa amekaa kwenye benchi la kantini na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Hakuhitaji kuambiwa. Huyo ndiye mama wa Magomeni.

Ritha alichukua andazi, akalivunja. Ndani kulikuwa kukavu, na vijitundu, njano tupu. Akakunja uso.

"Hii njano umeitoa wapi? Siku hizi watu wanatia rangi."

"Ni boga, dada Ritha."

"Jumatatu lilikuwa boga na halikuwa njano hivi."

"Jumatatu lilikuwa maji."

Ritha alilinusa. Akaligeuza. Akamsogezea Chiku nusu.

"Kula wewe kwanza."

Chiku alicheka mpaka Ritha akashangaa. Akalila lote, akiwa amesimama pale pale, akameza na kufungua mdomo kuonyesha. Ritha akauma nusu yake. Akatafuna. Akamaliza. Akachukua lingine, zima, hakulivunja.

Kisha akamgeukia yule mama kwenye benchi. "Mama, nisamehe. Labda uniletee vitumbua, siku nyingine tuzungumze." Na kwa Chiku akasema, "Jumatatu saa kumi na mbili na nusu uwe hapa. Ukichelewa, wateja wangu hawana subira."

*

Sasa Chiku anapika maandazi ya boga kila siku ya kazi. Jumamosi anajaribu keki ya boga kwenye sufuria, moto wa mkaa chini na juu. Mbegu hafungi tena kwenye gazeti. Anaziosha, anazitia kwenye bakuli, anaziweka mlangoni kwa Paskalina. Nusu ni za Paskalina, nusu ni zake.

Jambo moja tu lilibaki kuwatia wasiwasi. Mbegu kwenye ungo zilikuwa zinapungua.

"Ni kunguru," Paskalina alisema.

"Kunguru wa Dar huyu huyu," Haruna aliunga mkono. "Hana aibu."

Bi Mgeni alitikisa kichwa. "Mimi namshuku yule wa chumba cha pili. Hanaga maneno mengi."

Siku moja Chiku aliwahi kurudi kutoka Posta. Ilikuwa saa sita, jua limejaa uani. Ungo ulikuwa juani. Mbele ya ungo kulikuwa na kigoda. Juu ya kigoda alikuwapo Bi Mgeni, konzi imejaa, shavu limevimba upande mmoja.

"Shikamoo, bibi," Chiku alisema taratibu.

Bi Mgeni alimeza kwanza.

"Marahaba. Naangalia kama zimekauka."

"Zimekauka?"

Bi Mgeni aliufikiria ungo kwa makini. Akachukua moja zaidi, akaitia mdomoni.

"Bado sijapata uhakika."